Kizibo cha soda ni sufuria, au karai la pilau?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wanaounda mandhari ndogo za kuweka kabatini kwa vitu vilivyokuwa vinaelekea jalalani. Nimechagua tano.

Shikamoo fundi. Nimetengeneza kibanda cha mama ntilie kwa boksi la viatu. Mlango una sentimita 8, meza ipo, benchi lipo, masufuria manne ni vizibo vya soda. Lakini kila anayekiona anasema kuna kitu hakijakaa sawa. Nimekosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Umeandika kwamba mlango wako una sentimita 8. Mlango wa kweli una kama sentimita 200, kwa hiyo nyumba umeipunguza mara 25 hivi. Sasa chukua rula upime kizibo: upana wake ni karibu sentimita 3. Zidisha mara 25, unapata 75. Hilo si sufuria la maharage, ni karai la pilau ya harusi, na wewe umeyapanga manne juu ya meza moja! Jicho la mtazamaji halipigi hesabu, ila linashtuka.

Una njia mbili. Ya kwanza, ikuze nyumba: mlango ukiwa na sentimita 17 umepunguza mara 12, na kizibo kinakuwa sufuria la sentimita 36, saizi ya kibandani kabisa. Ya pili, iache nyumba ilivyo na utafute vyombo vidogo. Pakiti tupu ya vidonge ina vishimo vya kama sentimita 1. Vikate kimoja kimoja, vipake rangi ya fedha, umepata masufuria.

Mimi huanza na takataka kabla ya nyumba. Naokota kile kimoja nisichoweza kukibadilisha ukubwa, nakipima, halafu kuta na milango vinakifuata. Kata pia mtu wa karatasi, sentimita 7 kwa nyumba yako ya sasa au 14 kwa ile kubwa, umsimamishe kando ya kila unachounda. Asipofika kwenye komeo, mlango una kasoro.

Paa langu la makuti linafanana na brashi ya viatu. Nimetumia nyuzi za usumba wa nazi. (Msomaji, Kilifi)

Usumba ni mzuri kwa kamba na viota vya kuku, kwa makuti haufai: kuti lina majani bapa. Chukua mfuko wa khaki wa dukani, kata tepe za upana wa sentimita 2, kisha chana ukingo mmoja kwa mkasi uwe shada. Bandika kila tepe kwenye kijiti cha mshikaki, kama fundi anavyokunja majani kwenye upau. Uezeke kuanzia chini kwenda juu, safu ya juu ikifunika nusu ya iliyo chini yake. Ukianzia juu, kila mtu wa Pwani atajua mvua inaingia ndani.

Rangi: tepe chache zichovye kwenye chai ya rangi iliyokolea, nyingine zisugue na majivu, maana kuti likizeeka huwa kijivu. Zichanganye ovyo ovyo.

Kuta za boksi zinapinda nikizipaka rangi. (Msomaji, Mwanza)

Umepaka upande mmoja. Paka na wa pili, hata kama hauonekani, kisha zikikauka kidogo zilaze chini ya vitabu vizito usiku kucha.

Mende wanakula kazi zangu. Natumia gundi ya uji wa unga wa ngano. (Msomaji, Temeke)

Uji ni chakula, ndugu yangu, nawe umewaandalia. Niliwahi kuweka mtaa mzima chini ya kitanda. Nilipoutoa, baraza mbili hazipo. Wapo wanaosema utie chumvi na karafuu. Nilitia vyote, ikawa kama nimeunga viungo. Siku hizi natumia gundi nyeupe ya mbao, nikiizimua kwa maji inapokuwa ya kubandika magazeti. Kama lazima utumie uji, ukauke kabisa kwanza, halafu piga vanishi mara mbili ndani na nje.

Supa gluu usiikimbilie pia. Huacha ukungu mweupe kwenye madirisha ya plastiki, hula lile povu jeupe linalokuja na televisheni mpya, na ikimwagikia pamba, pamba hupata moto hadi kufuka moshi.

Mwanangu wa miaka tisa anataka jahazi. Nianzie wapi? (Msomaji, Tanga)

Kwenye ndala iliyokatika. Lamu walijenga jahazi zima la kusafiria kwa plastiki iliyookotwa, Flipflopi, likashushwa majini mwaka 2018 likiwa limevikwa ndala kama 30,000 za kila rangi. Ndala hukatika kwa wembe (ushike wewe, si yeye), na ukikata kwa mshazari, tabaka za rangi zinatokea zenyewe ubavuni kama mistari ya mbao.

Mlingoti ni kijiti cha mshikaki, uinamie mbele kidogo. Tanga ni pembe ya kanga kuukuu, lifungwe kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, ndefu kuliko mlingoti wenyewe. Hapo ndipo wengi hukosea, jahazi likageuka mashua ya Wazungu. Ndala moja inatosha, ya kushoto au ya kulia.