Tovuti za idara zimerundikana, nianzie wapi?

Ndugu, umesema umekabidhiwa tovuti za idara zote za chuo, nyingine hazijaguswa kwa miaka, na mkuu wako anataka mwonekano mpya. Naomba mwonekano usubiri.

Kwanza andika orodha: kila anwani, iko kwenye seva gani, nani anawajibika nayo. Pitia rekodi zote za DNS (mfumo unaounganisha jina la tovuti na seva yake), maana huko ndiko utakakokuta anwani zilizosahaulika. Rekodi inayoelekeza kwenye huduma ya nje iliyokwisha kufungwa ni hatari kweli: mtu baki anaweza kuifungua huduma ile kwa jina lilelile, akaweka ukurasa wake chini ya jina la chuo. Rekodi ya namna hiyo ifute leo hii.

Tovuti imilikiwe na cheo, siyo na mtu. Niliwahi kukuta moja ya mradi ambayo nywila alikuwa nayo mwanafunzi aliyekwisha kuhitimu. Fomu ya maombi ilikuwa bado inapokea vyeti vya watu, na hakuna aliyekuwa akivisoma. Iliniuma sana.

Ukihamisha kurasa, weka uelekezaji wa 301, yaani wa kudumu, unaompeleka msomaji kutoka anwani ya zamani hadi mpya. Anwani hizo zimo kwenye tasnifu na barua za watu. Vyeti vya usalama vya tovuti (vya https), ambavyo huisha muda, vijihuishe vyenyewe, usitegemee kumbukumbu yako. Na nakala rudufu? Chukua moja, irejeshe kwenye seva ya majaribio, uone kama inafunguka.

Wiki ya usajili au ya matokeo, usiguse kitu.