Tendo kwanza, maelezo baadaye: ushauri kwa wanaoanza kusoma miondoko ya sala za Kiyahudi

Wanafunzi wanaoanza kusoma ibada za Kiyahudi huvutwa na mwili kabla ya maneno. Huona watu wakiyumba mbele na nyuma, wakiinama, wakirudi nyuma hatua tatu, wakifunika macho kwa kiganja, na mara moja huuliza maana yake ni nini. Swali hilo ni halali, lakini ushauri wangu ni kulitanguliza lingine: tendo hili limetajwa kwa mara ya kwanza wapi, na anayelitaja analiagiza, au anajaribu kueleza jambo alilolikuta watu wakilifanya tayari? Nimesahihisha kazi nyingi za wanaoanza, na udhaifu unaojirudia zaidi ni kuchukua fafanuzi nzuri ya karne za kati na kuiandika kana kwamba ndiyo asili ya tendo.

Anzeni na Amida, sala inayosaliwa kwa kusimama, kwa sababu miondoko yake mingi ina maagizo ya kale yanayosomeka wazi. Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa kale wa mijadala ya marabi, katika kitabu cha Berakhot, inamtaka anayesali aunganishe miguu yake, kwa kuwa nabii Ezekieli aliwaona viumbe wa mbinguni wenye mguu ulionyooka. Kitabu hichohicho kinapanga mahali pa kuinama: mwanzo na mwisho wa baraka ya kwanza, na mwanzo na mwisho wa baraka ya shukrani. Kuhani mkuu aliinama zaidi ya hapo, naye mfalme, akishapiga magoti, hakuinuka mpaka amalize. Kinaeleza hata kiasi cha kuinama, yaani mpaka pingili za uti wa mgongo zilegee. Hapa mwanafunzi ana bahati, kwa kuwa agizo na sababu yake vimekaa karibu.

Hatua tatu ni mtihani mgumu zaidi. Kurudi nyuma hatua tatu mwishoni mwa Amida kumeagizwa katika Talmudi, kitabu cha Yoma, na aliyerudi nyuma anafananishwa na mwanafunzi anayemuaga mwalimu wake, ambaye hapaswi kugeuka na kurejea papo hapo. Basi mtu hudhani kwamba hatua tatu za kusogea mbele kabla ya Amida ni za zamani zilezile. Sivyo. Zinahusishwa na Eleazar wa Worms, mwanazuoni wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1238, na hufafanuliwa kwa mahali patatu katika Biblia ambapo mtu anasogea ili aseme: Ibrahimu akiiombea Sodoma, Yuda mbele ya Yusufu, na Eliya juu ya Karmeli. Leo matendo haya mawili yanaonekana kama jozi iliyobuniwa siku moja, ilhali vyanzo vyake vimepishana kwa karne nyingi.

Kuyumba ndiko kunakohitaji subira kubwa kuliko vyote. Maelezo mashuhuri ya mapema yamo katika Kuzari, kitabu ambacho Yehuda Halevi wa Hispania alikiandika kwa Kiarabu na kukikamilisha yapata mwaka 1140. Kimeandikwa kwa mtindo wa mazungumzo kati ya mfalme wa Wakhazari na rabi, na humo mfalme anauliza kwa nini Wayahudi hutikisika wanaposoma Kiebrania. Rabi anataja rai kwamba tendo hilo huamsha joto la mwili, kisha anatoa yake: vitabu vilikuwa vichache, watu kumi au zaidi walisoma nakala moja, kila mmoja akainama kwa zamu kutazama maandishi na kuinuka, hata ikawa mazoea, na wengine wakaiga. Msomaji wa leo huipenda rai hii kwa sababu inazungumzia vitu vinavyoshikika. Nami naipenda, ila angalieni mambo mawili. Halevi anazungumzia kusoma, si kusali. Tena hakushuhudia mwanzo wa desturi, bali aliikuta imekomaa akaitafutia sababu. Watoto wa chuoni katika pwani yetu nao huyumba wanapohifadhi Kurani, na kufanana huko hakutoshi kumthibitishia yeyote kwamba huyu alimwiga yule.

Baada ya Halevi sababu ziliongezeka. Zohari, kitabu cha mafumbo ya Kiyahudi kilichoenea Hispania kuanzia mwishoni mwa karne ya 13, kinasema roho ya Mwisraeli huwaka kwa Torati kama utambi wa mshumaa, na mwali haukai tuli. Rabi Moses Isserles wa Krakow, aliyefariki mwaka 1572, aliandika kwamba wenye kushika dini kwa uangalifu huyumba wanaposoma Torati, na vivyo hivyo katika sala, kwa mujibu wa maneno ya Zaburi ya 35 kwamba mifupa yangu yote itasema. Rabi Isaiah Horowitz, kwa upande wake, aliona kwamba kusimama bila kutikisika ndiko kunakomsaidia mtu kukusanya nia. Kwa hiyo msiandike kamwe kwamba "dini ya Kiyahudi inaamuru kuyumba".

Kufunika macho wakati wa Shema, ungamo la Mungu mmoja, hakutawasumbua, kwa kuwa kunaegemezwa kwenye habari ya Yuda Mwanamfalme, rabi wa kale, aliyepitisha mkono usoni alipokuwa akifundisha ili akiri ufalme wa mbinguni.

Chunguzeni pia yaliyopungua. Kusujudu kifudifudi kulikuwa jambo la kawaida katika Hekalu la Yerusalemu. Mambo ya Walawi 26:1 inakataza kusujudia jiwe lililochongwa, nao marabi wakaihusisha aya hiyo na sakafu za mawe zilizo nje ya Hekalu. Siku hizi sijida kamili hufanywa katika sinagogi nyingi siku ya Mwaka Mpya na siku ya Upatanisho tu, kitambaa au karatasi ikitandikwa chini ya uso. Abraham, mwana wa mwanazuoni mashuhuri Maimonides, aliyefariki Misri mwaka 1237, alijaribu kurejesha kupiga magoti, kusujudu na kukaa kwa safu. Wapinzani wakamtuhumu kuiga Waislamu, naye akajibu kwamba hayo yalikuwa ya Israeli tangu kale. Msomaji aliyekulia karibu na msikiti aikumbuke hoja hiyo kabla ya kuandika neno "kuazima".

Mkienda kutazama wenyewe, Nairobi kuna sinagogi, na karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 kwa kusoma Biblia kabla ya kufundishwa na Wayahudi waliotoka nje. Ombeni ruhusa mapema, na ikiwezekana mwende Jumatatu au Alhamisi asubuhi, siku ambazo Torati husomwa, kwa maana siku ya Sabato kuandika ni kazi iliyokatazwa na daftari lenu litawaudhi wenyeji. Anayesali Amida hasemeshwi, na msipite mbele yake ndani ya dhiraa nne hata kama pembe hiyo ndiyo inayoonyesha miguu vizuri.