Kofia ya harusi na upepo wa ziwa: anza na nywele

SWALI: Hujambo fundi. Binti yangu anaolewa Kisumu mwezi ujao. Asubuhi tutakuwa kanisani, mchana karamu iko kwenye bustani kando ya ziwa, na jioni wapiga picha wanataka tuingie kwenye mashua. Kofia yangu ni ya sinamei (kile kitambaa cha nyuzi kilichofumwa wazi), ukingo mpana, kina kifupi: inakaa juu ya kichwa, haifiki masikioni. Nimewahi kuivaa kwenye harusi nyingine huko huko Kisumu na nikashinda nimeishika kwa mkono. Nywele zangu ni fupi. Siku hiyo nafikiria kusuka matuta na kuvaa wigi juu. Fundi wa hapa Kakamega alinishonea vichana viwili kwa ndani lakini bado inateleza. Dada yangu ameniletea pini ndefu ya kofia, ya kizamani, nami naiogopa. Rafiki anasema nitie lastiki ipite chini ya kidevu. Nifuate lipi? Mama wa bibi harusi, Kakamega.

JIBU: Hongera sana, mama. Kichana, pini na lastiki zote zinafanya kazi, na zote zitakuangusha zikiwekwa mahali pasipozifaa. Kofia ya kina kifupi kama yako haishikwi na kichwa. Inashikwa na nywele, au na kitu kilichofungwa imara kwenye nywele. Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye pini, amua kwanza kichwani kutakuwa na nini siku hiyo. Ushauri wangu ni huu: suka matuta, na wigi uiache nyumbani.

Nianze na upepo, maana ndio utakaokusumbua. Mchana ardhi ya Kisumu hushika joto haraka kuliko maji ya ziwa. Hewa ya nchi kavu hupanda, na ile ya ziwani iliyo baridi zaidi huja kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana asubuhi mkitoka kanisani mtaona kumetulia, halafu kuanzia saa nane hivi vitambaa vya meza vinaanza kuinuka. Upepo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Kofia iliyotulia vizuri wakati wa ibada inaweza kuruka saa tisa bila wewe kubadilisha chochote. Ukingo mpana ni kama tanga la mashua ya wavuvi: upepo ukiingia chini yake unaunyanyua. Basi unaposimama bustanini, ivae kofia kwa mshazari, na upande ulioinama uwe ndio unaotazama ziwa. Hapo upepo utaukandamiza ukingo badala ya kuuinua. Hili halikugharimu kitu, na linasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Sasa wigi. Ukichoma pini au kichana kwenye wigi, umeifunga kofia kwenye kitu ambacho chenyewe hakijafungwa vizuri. Kofia ikivutwa, wigi inaifuata. Kama ni lazima uivae, basi wigi ishonwe kwenye matuta pande zote, isiwe ya kuvalia tu kama kofia nyingine. Na hata hapo utakuwa na tabaka mbili kichwani kwenye joto la Kisumu. Jasho huloanisha kila kitu na kukifanya kiteleze. Hiyo tepu ya kunata pande mbili ambayo wengine huitumia kwenye paji la uso ndiyo ya kwanza kuachia mtu akitoka jasho, kwa hiyo usiitegemee.

Kuhusu nywele fupi, hili ni tatizo la siku nyingi. Mwanzoni mwa karne iliyopita wanawake wa Ulaya na Marekani walirundika nywele nyingi utosini, na pini ndefu ilikuwa na pa kuzama. Miaka ya 1920 walipoanza kukata nywele fupi, pini hizo zikakosa cha kushika. Kofia zikabidi zibadilike: zikaongezwa kina na kuvutwa chini hadi karibu na nyusi, kichwa chenyewe kikawa ndicho kinachozishika. Wewe una kofia ya aina ya kwanza na nywele za aina ya pili. Matuta ndiyo yatakayokuokoa, lakini yasiwe matuta ya kawaida tu.

Hapa ndipo nadhani vichana vyako vilipofeli. Mara nyingi matuta husukwa kutoka mbele kwenda nyuma. Kichana kilichoshonwa mbele ya kofia kina meno yanayoelekea nyuma vilevile, kwa hiyo meno yanaingia kwenye mitaro kati ya tuta na tuta, na kutoka kwa njia ile ile bila kizuizi. Kwenye nywele fupi zisizosukwa hali ni mbaya zaidi, meno hayapati hata cha kugusa. Mwambie msusi wako aanze na tuta moja linalokatiza kichwa, kutoka juu ya sikio moja hadi juu ya sikio la pili, sentimita chache nyuma ya nywele za mbele. Liwe nene kidogo kuliko mengine, likazwe kiasi bila kuumiza. Litajificha chini ya kofia, hakuna atakayeliona. Nenda na kofia saluni, uivae kabla hajaanza, umwonyeshe kwa kidole mahali ambapo kichana kinagusa kichwa. Tuta lipite mbele kidogo ya hapo, ili ukisukuma kofia kuelekea nyuma meno yapite chini yake.

Mwombe pia asivute sana nywele za panja. Nywele za sehemu hiyo ni dhaifu, na kuzivuta mara kwa mara huzing'oa mpaka pakabaki upara. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi vichana vya pembeni. Kile kimoja cha mbele kinatosha. Cha pili mwambie fundi akitoe. Hiki kinachobaki kiangalie kilivyoshonwa. Uzi unatakiwa uzunguke mgongo wa kichana na kupita kati ya kila jino na jenzake, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kikiwa kimeshikwa ncha mbili tu kitapinda, na kikishapinda meno yanachomoka. Kishonwe kwenye utepe wa ndani wa kofia, si kwenye sinamei yenyewe, maana ile imefumwa wazi na uzi utaikata.

Kichana peke yake hakitoshi. Kinahitaji kitu cha kukivuta kutoka upande wa pili, na kitu hicho ni lastiki. Rafiki yako hajakosea kuitaja, ila chini ya kidevu siyo mahali pake. Huko inakata shingo kila unapoongea au kula, na kwenye picha itaonekana kabla ya kofia. Lastiki ya kofia hupita nyuma: inaanzia ndani ya kofia usawa wa nyuma ya sikio, inashuka nyuma ya sikio, inapita chini ya ule uvimbe wa mfupa wa kisogo, kisha inapanda upande wa pili. Ule uvimbe ndio unaoizuia isipande. Ikipita juu yake, hata kwa sentimita moja, itateleza kwenda juu na kofia itakwenda mbele usoni. Tazama sasa vitu hivi viwili vinavyosaidiana: lastiki inaivuta kofia chini na nyuma, na kila inapovuta, inazidi kukizamisha kichana chini ya lile tuta.

Nunua lastiki nyembamba ya mviringo, ile ya unene wa milimita mbili au tatu, siyo ile bapa ya kiunoni. Rangi ifanane na nywele zako, siyo na kofia. Watu wengi huchagua nyeupe kwa sababu kofia ni nyeupe, halafu mstari mweupe unaonekana kisogoni kwenye kila picha. Pima ukiwa umeshasukwa na kofia iko mahali pake: pitisha uzi njia hiyo niliyoeleza, ukate, kisha lastiki uikate fupi kidogo kuliko uzi huo. Funga fundo kila ncha, piga mishono kadhaa kupitia fundo lenyewe kwenye utepe wa ndani. Acha ncha ndefu upande mmoja ili uweze kurekebisha. Ikikuumiza kichwa baada ya kukaa nayo nyumbani kwa saa moja, ilegeze. Lastiki inayofaa unaisahau. Ikiwa matuta yako yataishia kwenye kishungi nyuma, ipitishe chini ya kishungi na itapotea kabisa.

Kama kati ya kofia na kichwa bado kuna nafasi inayoifanya icheze, bandika kipande chembamba cha sponji au utepe wa mahameli ndani ya utepe wa kofia. Mahameli ina manyoya yanayokamata nywele. Ni dawa nzuri pia kwa wanaovaa nywele fupi kabisa bila kusuka: bendi ya mahameli kichwani kwanza, kofia juu yake.

Na pini ya dada yako? Usiiogope, ijue tu. Pini za zamani hizo nyingine zilifika urefu wa sentimita 30, na ncha zake zilizochomoza zilijeruhi watu mitaani na kwenye vyombo vya usafiri. Mwaka 1910 jiji la Chicago lilipitisha sheria ya kupiga marufuku pini zinazotokeza zaidi ya nusu inchi nje ya kofia. Kwenye harusi yetu hatari ni ile ile, tena zaidi, kwa sababu mama wa bibi harusi anakumbatiwa na kila mtu na anabeba wajukuu wa kila mtu. Ncha iliyo wazi iko sawasawa na jicho la anayekukumbatia. Basi sharti la kwanza ni kifuniko cha ncha. Kama kilichokuja nayo kimepotea, kipande kidogo cha kifutio cha penseli kitafanya kazi hiyo.

Namna ya kuichoma: usiipitishe moja kwa moja kana kwamba unatoboa kichwa. Shika kofia kwa mkono mmoja. Ingiza ncha upande wa kulia, nyuma kidogo ya sikio, pale ukingo unapokutana na sehemu iliyoinuka. Ikishaingia ndani, ilaze igusane na kichwa, iokote tuta moja au mawili, kisha ielekeze nje tena ichomoze kwenye kofia, karibu na ilipoingilia. Yaani kofia, nywele, kofia. Ukihisi ncha inagusa ngozi, irudishe uanze upya, usilazimishe. Sinamei haiharibiki, kwa sababu pini inapita kati ya nyuzi bila kuzikata. Kofia iliyofunikwa satini au ngozi ndiyo inayobaki na tundu la kudumu.

Lakini pini moja haitoshi kuwa tegemeo. Kofia huizunguka kama haina kitu kingine cha kuishika, na ndiyo maana waliozitegemea walichoma mbili au zaidi, kutoka pande tofauti. Kwako itakuwa nyongeza tu. Kanisani kichana na lastiki vitatosha. Mkiwa mnaelekea bustanini, ichome hiyo pini.

Yajaribu haya yote siku umeshasukwa, kabla ya siku yenyewe. Inama kama unayeokota kitu. Tikisa kichwa. Simama mbele ya feni kali, uso kwanza, kisha ubavu, kisha mgongo. Ukingo ukiinuka mbele, kichana hakijaingia chini ya tuta. Ukiinuka nyuma, lastiki imelegea au imepanda juu ya kisogo.

Imebaki mashua. Huko majini hakuna mti wala ukuta wa kuvunja upepo, na mashua yenyewe inapokwenda inaongeza wa kwake. Fanya walivyofanya wanawake wa enzi za magari ya kwanza, yale yasiyokuwa na paa: mtandio mwepesi, kama wa shifoni, uupitishe juu ya kofia nzima, uvute ukingo chini pande zote mbili, ufunge chini ya kidevu. Chagua rangi inayolingana na gauni na picha zitapendeza kweli. Pini uitoe kabla ya kupanda, kwa sababu mtavishwa jaketi za kuokolea na mikono ya watu itakuwa inapita karibu na kichwa chako. Iache nchi kavu, kwenye kasha lake, na mtu unayemwamini.