Pampu imezima, dizeli bado inashuka: tatizo liko wapi?

Swali

Kamwene, mhandisi. Mimi ni fundi umeme katika kiwanda cha chai huku Mufindi. Tenki letu kubwa la dizeli, lita 20,000, liko juu kando ya barabara ambako lori la mafuta linafika. Nyumba ya jenereta iko chini, tofauti ya kimo kama mita 4, na hapo kuna tenki dogo la lita 1,000. Bomba la inchi moja na nusu linachomoza kwenye mfuniko wa tenki kubwa, linapita kwenye pampu, filta na mita, halafu linateremka mita 40. Pampu ni ya lita 150 kwa dakika. Nilifunga swichi ya boya, ile ya matenki ya maji, ili pampu izime tenki dogo likijaa. Wiki iliyopita ilizima kama kawaida. Nikasikia kimya, nikaenda kunawa mikono. Niliporudi dizeli ilikuwa inafurika, imeshavuka ukuta wa kuzuilia mafuta na kuingia mtaroni. Kontakta, ile swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye pampu, ilikuwa imeachia na boya halikuwa na kasoro. Nimekosea wapi? Na bosi anataka tenki lijijaze lenyewe hata usiku. Nifanyeje?

Jibu

Kamwene sana, fundi, na pole kwa yaliyowakuta. Umeeleza vizuri mpaka sihitaji kufika huko ili kujua dizeli ilipita wapi. Swichi yako ilifanya kazi. Kontakta ilifanya kazi. Ulichozima ni mota, lakini njia ya mafuta uliiacha wazi.

Bila shaka umewahi kuona mtu akitoa mafuta kwenye tenki la pikapu kwa mpira. Anavuta kwa mdomo mara moja, mpira ukijaa anaushusha chini kwenye dumu, na kuanzia hapo havuti tena. Mafuta yanajipandisha yenyewe mpaka ukingo wa tenki na kushuka upande wa pili, mradi mdomo wa chini wa mpira uko chini kuliko uso wa mafuta. Bomba lako ni mpira ule ule, ila una urefu wa mita 40. Pampu iliposimama bomba lilikuwa limejaa, na uzito wa dizeli iliyokuwa mteremkoni ukaendelea kuvuta ile iliyobaki juu. Kama pampu yako ni ya panga linalozunguka, ikisimama ni tundu tu, mafuta yanapita katikati bila kizuizi. Ya gia huzuia zaidi, lakini nayo huvujisha kwenye nafasi za meno, na kadiri inavyochakaa ndivyo inavyopitisha. Usiihesabu kuwa koki.

Kwa hiyo unahitaji vali inayojifunga yenyewe. Ukiwa na fedha ya vali moja tu, ifunge juu, karibu kabisa na tenki kubwa, kabla ya pampu. Wengi huiweka chini mlangoni mwa tenki dogo kwa sababu hapo ndipo mafuta yanapofurika. Lakini vali ya chini haitakusaidia siku trekta litakapogonga bomba katikati ya mteremko. Lita 20,000 zote zitakuwa na njia. Ya juu inalinda tenki dogo na bomba lote. Faida nyingine ni kwamba ikijifunga wakati pampu bado inazunguka, pampu inakosa mafuta tu. Vali iliyo mbele ya pampu ya gia ikijifunga ghafla, shinikizo hupanda mpaka kitu kipasuke, kama pampu haina vali ya kupunguza shinikizo.

Sasa uwe makini dukani, maana hapa nimeona watu wakipoteza fedha zao Mbeya na Makambako. Utauziwa vali ya sumaku ya maji. Usiichukue. Kwanza, nyingi zina raba ya EPDM, ambayo ni nzuri kwa maji lakini ikikaa kwenye dizeli huvimba, na vali inakwama ikiwa wazi. Taka raba ya naitraili au Viton. Pili, vali nyingi za sumaku za bei nafuu hutegemea shinikizo la kimiminika chenyewe kunyanyua na kushusha kiwambo chake, na huhitaji tofauti ya shinikizo ya karibu baa 0.3 hadi 0.5. Mita zako 4 za dizeli zinatoa baa 0.33 tu, na hiyo ni bomba lote likihesabiwa. Pale juu kwenye tenki ni kidogo zaidi. Vali ya aina hiyo inaweza kufunguka nusu au isijifunge barabara. Chagua inayofanya kazi hata shinikizo likiwa sifuri. Ninayoipenda mimi ni vali ya tufe yenye mota na springi: umeme unaifungua, springi inaifunga.

Nakusihi usiruke hapo kwenye springi. Vali inayohitaji umeme ili ijifunge itakuacha siku umeme ukikatika, na huko kwenu unakatika. Kila kitu katika mkondo huu kipangwe hivyo hivyo: mguso wa swichi uwe umefungika wakati hali ni salama na ufunguke mafuta yakipanda, halafu koili ya kontakta ya pampu na koili ya vali zote zipite kwenye mguso huo mmoja. Waya ukikatwa na panya, fyuzi ikiungua, ukungu wa Mufindi ukiingia kwenye kisanduku na kuozesha mguso, mkondo unakatika na mafuta yanasimama. Utasumbuliwa na pampu isiyowaka bila sababu, na ni usumbufu ninaoukubali kwa moyo mweupe. Ongeza kitufe cha kuwashia kinachojishikilia kwa kontakta, ili umeme ukirudi pampu isijiwashe wala vali isifunguke mpaka mtu aje abonyeze.

Boya la maji litoe. Ganda la waya wake ni la plastiki ambayo dizeli huikausha mpaka ipasuke, na ndani ya waya huo kuna volti 230, ndani ya tenki la mafuta. Dizeli ya kawaida haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi, na hilo ndilo limekuokoa. Petroli hutoa mvuke unaowaka hata chini ya nyuzi sifuri. Kuna wasomaji wenye vituo vya mafuta watakaotaka kuiga mchoro huu, wasiuige. Kwao vifaa vyote vya tenkini viwe vya daraja la kuzuia mlipuko, na lori liungwe waya wa ardhi kabla mpira haujaunganishwa. Wewe tumia swichi iliyotengenezwa kwa mafuta, kwa volti 24.

Sasa hesabu ya kimo cha kuifunga swichi hiyo tenkini, kwa sababu hapa wengi hukisia. Pampu yako inasukuma lita 2.5 kwa sekunde. Tuseme relei inachukua sekunde 1 na vali ya springi sekunde 10 kujifunga: hizo ni karibu lita 28. Bomba la inchi moja na nusu linabeba kama lita 1.3 kwa kila mita, kwa hiyo mita 40 zina lita 53 zinazoweza kushuka baada ya vali kufunga. Huenda zisishuke zote, maana bomba lililozibwa juu hushikilia kimiminika, lakini hewa hupenya kwenye maungio, hivyo zihesabu zote. Jumla ni lita 81. Dizeli nayo hutanuka. Kila digrii moja inaongeza takribani sehemu 8 kwa 10,000, na ikiingia tenkini asubuhi ya Julai kabla jua halijapiga bati la nyumba ya jenereta, digrii 15 si za kushangaza. Ongeza lita 12. Usitake mafuta yapite lita 950. Ondoa 93, unabaki na 857. Mimi ningeifunga swichi ya mwisho kwenye lita 850, king'ora kwenye 800, na kujaza kwa kawaida kuishie 750.

Umeona nimesema swichi ya mwisho. Ile ya lita 750 na ile ya 850 ziwe vifaa viwili, vyenye tundu lake kila kimoja juu ya tenki, na waya wake. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye ghala moja la mafuta kukagua mfumo ulioandikwa una ulinzi wa ngazi mbili. Nilipofungua mfuniko nikakuta geji na swichi ya dharura vimening'inia kwenye fimbo moja ya boya. Boya likikwama, vyote viwili vinadanganya pamoja.

Kisa kikubwa cha aina hii kilitokea Buncefield, Uingereza, tarehe 11 Desemba 2005. Petroli ilikuwa inaingia tenki namba 912 kwa bomba. Geji ilikwama usiku, ikaendelea kuonyesha kiwango kile kile wakati tenki linajaa. Swichi ya dharura iliyo peke yake ilikuwepo, lakini haikufanya kazi: mkono wake wa kujaribia ulipaswa kushikiliwa na kufuli ili swichi ibaki katika hali ya kulinda, na kufuli hilo halikuwa limefungwa. Waliodhani kufuli ni la kuzuia watu wasiichezee hawakujua kwamba bila hilo swichi imelala. Zaidi ya lita 250,000 zilimwagika, na muda mfupi baada ya saa 12 asubuhi wingu la mvuke likalipuka. Ilikuwa Jumapili alfajiri, hakuna aliyekufa, lakini watu zaidi ya 40 waliumia.

Nakueleza haya kwa sababu ya jambo moja: jaribu swichi yako kila mwezi, na uijaribu kwa mafuta yenyewe. Kunyanyua boya kwa mkono kunathibitisha waya, relei na vali, ila hakukwambii kama boya litaelea siku ya siku. Simamisha mtu kwenye koki ya mkono, iruke swichi ya 750 kwa makusudi ili isikate, uone ya 850 inakata kwenye lita ngapi na mafuta yanatulia wapi. Andika namba hizo daftarini. Mwezi ambao yatatulia juu zaidi kuliko mwezi uliopita, springi ya vali imeanza kuchoka au tufe lina uchafu.

Ukuta wako nao ujengwe upya. Kanuni iliyozoeleka ni ukuta ubebe asilimia 110 ya tenki kubwa kuliko yote lililomo ndani yake, na naona mlihesabu lita 1,100 kwa tenki dogo. Tenki hilo, kwa namna lilivyoungwa, ni mdomo wa tenki la lita 20,000. Kama hakuna nafasi ya ukuta mkubwa, weka swichi nyingine sakafuni ndani ya ukuta, kwenye mkondo ule ule: ikigusa mafuta, vali inajifunga.

Kuhusu kujijaza usiku, mwambie bosi hapana, na umpe sababu ya namba. Jenereta ya kVA 200 ikibeba mzigo wote hula takribani lita 40 hadi 50 kwa saa. Lita 750 zinaipeleka saa 15. Usiku mzima unapita. Mtu aanzishe, mfumo usimamishe.

Mpaka vali ifike, koki ya juu ifungwe kwa kufuli na ufunguo awe nao anayejaza. Asiondoke hapo mpaka aifunge tena kwa mkono wake. Na huo mtaro usiuache. Baadhi ya vijito vya Mufindi vinalisha mto Ruaha Mdogo, ambao Iringa mjini wanaunywa. Mwaga maranda ya mbao, huko hayakosekani, yanyonye dizeli iliyotuama, kisha chimbeni udongo wote wenye harufu kabla mvua haijanyesha. Wekeni kwenye mapipa yenye mifuniko, mbali na boila ya kuni, na muwaarifu watu wa mazingira wa NEMC wawaelekeze pa kuyapeleka.