Hosteli za bei nafuu Marseille: picha za kitanda achana nazo, tazama jiko

Dada uliyeuliza kama hosteli za Marseille, Ufaransa, zinalalika, na kama mwanamke peke yake, mwenye ushungi na pesa ya kuhesabu, anaweza kukaa huko siku nne mwezi wa saba bila kujuta: zinalalika. Mie nililala huko siku tano, Machi 2023, nikitokea Lyon nilikokuwa na kozi fupi. Tatu nilizipanga, mbili nilipangiwa na mgomo wa treni. Waliokujibu kwamba Marseille ni mji wa majambazi, sijui kama wameshafika au wameuona kwenye simu tu.

Nianze na kilichonitoa jasho, maana hakuna aliyeniambia. Stesheni ya Saint-Charles imekaa juu ya kilima. Ukitoka mlangoni mji wote uko chini yako, na kule mbele, juu ya kilima kingine, kanisa la Notre-Dame de la Garde ambalo wenyeji huliita Bonne Mère, Mama Mwema. Unasimama, unapiga picha, halafu unakumbuka begi. Ngazi ya kuteremkia mjini ina vidato 104. Karibu na mwisho wake kuna masanamu ya wanawake wawili wamejilaza, mmoja Afrika, mwingine Asia, kumbukumbu ya enzi za makoloni. Nilimpita yule dada yetu wa jiwe nikihema, naye amejinyoosha kama aliyemaliza kazi za siku. Kuteremka si tatizo. Siku ya kurudi ndiyo utakayojua. Mwenye mzigo apande metro humo humo stesheni, laini ya kwanza, kituo cha pili ni Vieux-Port, bandari ya zamani.

Ngazi haziishii hapo. Nyumba nyingi za mjini kati ni zile nyembamba ndefu za madirisha matatu kwa kila ghorofa, za zamani sana, na hosteli ya bei rahisi huwa imejibana ndani ya nyumba kama hizo. Yangu haikuwa na lifti, chumba kiko ghorofa ya nne. Kabla hujalipa, andika barua pepe uulize: lifti ipo? Swali la pili: jiko linafunguliwa saa ngapi na kufungwa saa ngapi? La jiko nitalirudia, lina hadithi yake.

Mapokezi walitaka pasipoti, wakanitoza kodi ya wageni ambayo haikuwamo kwenye bei niliyoiona mtandaoni (ni pesa kidogo, lakini huhesabiwa kwa kila mtu kwa kila usiku), na amana ya ufunguo. Taulo ni la kukodi. Kabati lako la chuma lipo, kufuli hakuna. Mie nilijiona mjanja, nilitoka na kufuli langu zito, aina ile tunayofungia mabanda ya duka. Mkono wake ukagoma kuingia kwenye tundu, mnene mno. Nikanunua jingine hapo hapo kwa bei ya kuwaumiza wageni. Beba kufuli dogo la mkono mwembamba.

Chumba kilikuwa cha wanawake watupu, vitanda vinane vya deka, yuro 27 kwa usiku. Omba chumba cha wanawake mapema kabisa, huwa kimoja tu au viwili na hujaa kabla ya vile vya mchanganyiko. Halafu omba kitanda cha chini. Hapa ndipo doti yangu ya kanga ilipolipa nauli yake. Kipande kimoja nilikichomeka pembeni chini ya godoro la kitanda cha juu, kikateremka kama pazia, nikawa na chumba changu ndani ya chumba. Cha pili kilikuwa taulo, kilikuwa vazi la kwendea bafuni, na usiku kikawa shuka la juu baada ya upepo kuanza. Msichana wa Argentina aliyelala juu yangu aliuliza yale maandishi yanasema nini. Kanga yenyewe ilikuwa "Nyumba njema si mlango". Nikamfasiria, akatazama rangi iliyobanduka ukutani, akacheka mpaka akakohoa.

Zamani nilikuwa nikifikiri mwenye shida ni mwenye kukoroma. Kumbe anayeudhi zaidi ni yule mwenye mifuko ya nailoni, aliyefungasha saa tisa usiku, krakra krakra, moja baada ya nyingine. Funga begi lako jioni, na kengele ya simu iweke ya mtikisiko chini ya mto.

Kuhusu vyoo nikuambie waziwazi kwa kuwa wewe umevaa ushungi na mie navaa: maji ya kujitawadhia hayamo chooni, karatasi tu. Chupa ndogo ya maji iwe nawe kila siku. Bafu ni la kubonyeza, unabonyeza maji yanatoka, ukijipaka sabuni yanakatika, unatafuta kitufe umefumba macho. Unazoea siku ya pili. Sabuni usibebe. Nunua kipande cha ile sabuni ya Marseille yenyewe, ile iliyogongwa muhuri wa 72% za mafuta. Mie ilinikumbusha sabuni ya mche ya nyumbani, haina manukato ya kujidai, nikaogea na nikafulia nguo za ndani kwenye beseni.

Sasa jiko. Treni yangu ilikuwa Alhamisi tarehe 23 Machi. Zilikuwa siku za migomo ya kupinga umri wa kustaafu kupandishwa kutoka miaka 62 hadi 64, na siku hiyo nchi nzima ilisimama. Jumatano usiku ujumbe ukaingia: treni imefutwa. Usiku huohuo ndugu zangu wa Tanga wananitumia salamu za mwezi. Ramadhani inaanza kesho. Msafiri ana ruhusa yake, najua, lakini nilishatia nia, nikashuka jikoni nijipikie kitu cha daku. Mlango umefungwa kwa ufunguo. Jiko hufungwa saa nne usiku, hufunguliwa saa moja asubuhi. Tangazo lilikuwa ukutani tangu Jumatatu, sikulisoma.

Daku yangu ya kwanza mwaka ule ilikuwa tende sita, mkate mkavu na maji ya bomba (maji ya bomba kule ni ya kunywa, usinunue ya chupa), nimekaa kwenye kidato cha ngazi ghorofa ya nne ili nisiamshe watu saba. Taa ya ngazi ilikuwa ya kujizima yenyewe. Kila baada ya muda giza linaingia, natikisa mkono, inawaka, natafuna, inazima.

Asubuhi nikaongeza siku mbili, nikatoka. Upepo wa mistral ulikuwa umeamka. Sisi watu wa pwani ukitutajia upepo wa kaskazini tunawaza jua na majahazi yanaingia. Huu wao wa kaskazini unateremka na bonde la mto Rhône, mkavu, baridi, unakupokonya ushungi kichwani. Pini nne hazikutosha. Vieux-Port waandamanaji walikuwa wamejaa na mabendera na moshi mwekundu, nikakata kona, nikapanda kidogo, nikajikuta Noailles.

Noailles iko karibu kabisa na bandari ya zamani, unavuka barabara ya Canebière umefika. Ni soko. Vichochoro vyembamba, binzari na iliki zimerundikwa kwenye magunia, mihogo, ndizi za kupika, nazi, samaki wa chumvi, nyama ya halali, mikate ya Kiarabu ya moto. Mie nilikuwa kwenye simu na mama, nalalamika kwa sauti kama tufanyavyo, mkono mmoja umeshika nazi naitikisa kusikia maji. Mama mmoja muuzaji, amejifunga shiromani, vazi la Kikomoro, ananitazama tu. Nilipokata simu akaniambia neno nililolisikia kama "bariza". Habari za! Nikamjibu njema, na kwao kumbe njema ni njema. Mkomoro. Nikalipa, akapokea sarafu, akasema "marahaba".

Nikashtuka. Mtu mzima amenijibu shikamoo ambayo sijampa! Nikainama haraka, "Shikamoo mama, nisamehe." Akabaki kanikodolea macho. Kijana wake aliyekuwa akipanga maboksi, aliyewahi kukaa Zanzibar, alicheka hadi akakaa chini, ndipo akanieleza kwamba kwao marahaba ni asante. Yule mama aliponielewa akaniongezea ndimu mbili bure.

Wakomoro Marseille ni wengi mno, wenyewe hutania kuwa ndio mji wao mkubwa kuliko Moroni, mji mkuu wa kwao. Wa mwanzo walikuja na meli, mabaharia na wachochea makaa, wakaita ndugu. Kiswahili chako hakitakupeleka mbali sana na Kikomoro, lakini kitakufungulia nyuso.

Ukipanda kidogo kutoka sokoni ni rue d'Aubagne. Tarehe 5 Novemba 2018 nyumba mbili za mtaa huo ziliporomoka, wakafa watu 8. Nilipopita pengo lilikuwa bado wazi, kama jino lililong'oka. Kwa hiyo ukiona nyufa kwenye nyumba za mitaa ile na wenyeji wakazizungumza kwa hasira, ujue wanazungumza nini.

Magharibi ilikuwa saa moja kasoro dakika chache. Nilipika wali wa nazi kwenye jiko la hosteli, nimekunia ile nazi kwa kikwangulio cha jibini, vidole vyangu ni mashahidi. Harufu ikapanda ngazi. Wa kwanza kuja alikuwa kijana wa Algeria aliyekuwa akisubiri feri ya Alger, ana dumu la maziwa na tende za kwao. Akaja yule Muargentina na viazi. Akaja mzee Mfaransa aliyekwama kama mie na mgomo, akakaa kwa adabu akingoja saa ifike, ingawa hakufunga. Siku iliyofuata tukachanga, tukanunua panisse, vile vibanzi vya unga wa dengu wanavyokaanga. Weka pilipili na ndimu, utaapa ni bajia imebadili jina.

Ndiyo maana nasema tazama jiko. Hosteli yenye baa kubwa na jiko dogo la kuchemshia chai tu inataka pesa yako na itakukesheza kwa muziki. Yenye majiko manne na masufuria yaliyopondeka, hiyo ina watu. Ila andika jina kwenye chakula chako. Maziwa yangu ya Jumanne yalinywewa na asiyejulikana, na chaja yangu niliyoiacha kwenye soketi jikoni ikaondoka na mguu wake. Hayo mawili ndiyo wizi wote niliofanyiwa Marseille, na yote mawili ndani ya hosteli, si mtaani.

Mtaani ni akili ile ile ya Kariakoo. Simu usiishike mkononi ukitazama ramani kandokando ya barabara, pochi mbele, na nyuma ya stesheni usiku sana usizurure. Ushungi hakuna aliyenigeukia. Noailles na Belsunce, mtaa wa jirani yake, nilionekana mwenyeji. Kuziba uso ndiko kumepigwa marufuku kwa sheria.

Kwa kuwa wewe unakwenda mwezi wa saba, mistral haitakusumbua kama joto. Uliza kama chumba kina feni, kiyoyozi usikitarajie. Ukitaka kwenda kuogelea Calanques, zile ghuba za miamba, fahamu kuwa kiangazi njia hufungwa siku za hatari ya moto, na Sugiton lazima ujiandikishe mtandaoni kabla. Ni bure, lakini watu 400 tu kwa siku. Jioni panda Fort Saint-Jean, ngome ya mdomo wa bandari iliyounganishwa kwa daraja na makumbusho ya Mucem. Kuzunguka nje hulipi kitu, na meli za Corsica unaziona zikitoka.

Umeuliza kunguni. Sikuumwa, lakini nilikagua, na wewe kagua kabla hujafungua begi: inua shuka, tazama mshono wa godoro kwenye pembe na nyufa za mbao za kitanda kwa tochi ya simu. Ukiona vidoa vyeusi kama nukta za kalamu, rudi mapokezi ukabadilishiwe chumba. Begi usiliweke kitandani wala sakafuni, liingize kwenye kabati la chuma.

Na lile la mwisho, kama ubebe vyakula. Pilipili ya kusaga beba, yao haiwashi. Mchele na nazi acha, utavikuta Noailles. Kama mkono unaupenda, beba kibao cha mbuzi.