Mguu mmoja umevimba baada ya hogo? Acha kuukanda!

Mkuu, weka hilo beseni chini kwanza. Umeuliza kama unene unachangia, soksi za kubana ununue za aina gani, na mishipa ya mama yako kama inarithiwa. Mimi nimekwama pale uliposema mguu mmoja umevimba tangu utolewe hogo, ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika, na shemeji anaukanda kwa maji ya chumvi kila jioni.

Mimi nilikandwa siku kumi na moja. Nilipata ajali ya bodaboda Tandika, hogo wiki sita. Lilipotoka, nyama ya nyuma ya mguu ikajaa, ikawa ya moto, inauma kama msuli umekaza. Muuza duka la dawa, hata mguu hakuugusa, akasema, "Hiyo damu imelala, ikandwe itembee." Akaniuzia na vidonge vya kukojoza. Nikakojoa weee, mguu uko vilevile.

Na kweli damu ilitembea! Siku ya kumi na moja napanda ngazi za daraja la Manzese, pumzi ikakata. Bonge la damu lilikuwa limeganda kwenye mshipa wa ndani, goti hadi paja, kipande kimekatika kikaenda mapafuni. Nikachomwa sindano za tumboni za kuzuia damu isigande, kisha vidonge miezi sita. Yule jamaa bado anauza pale, ananisalimia kabisa.

Kupona nilipona, ila mguu haukurudi. Ndani ya mshipa kuna vilango vinavyozuia damu inayopanda isishuke tena. Vyangu viliharibika. Jioni soksi ya kawaida inaacha mfereji unaoingia kidole. Ngozi juu ya kifundo imekuwa nyeusi kama sufuria ya mkaa, ikawasha, nikajikuna, kikafunguka kidonda kilichokaa miezi minane. Mtaani wanadhani nina matende. Angalau kwenye daladala napishwa siti kama mjamzito.

Unene, ndiyo, unachangia, na kusimama kutwa dukani Kariakoo pia. Lakini hayo yanasubiri. Mguu mmoja ukivimba ghafla, hasa baada ya hogo, upasuaji au kujifungua, HAUKANDWI kabla ya ultrasaundi ya mishipa, ile Dopla. Labda wako ni uvimbe tu wa hogo. Sawa, kipimo kiseme, siyo shemeji.

Nenda leo. Na kifua kikibana au pumzi ikikata, usingoje kukuche.