Wiki mbili Albania na Kosovo: vyombo acheni nyumbani

Dada, umeuliza kama timu yenu ibebe spika kwa ajili ya mikutano ya Injili ya hadhara Albania na Kosovo. Mimi nasema hapana. Mwaka 1967 serikali ya Enver Hoxha, mtawala wa kikomunisti wa Albania, ilipiga marufuku dini zote; makanisa na misikiti ikafungwa, na kanisa kuu la Shkodër likageuzwa ukumbi wa michezo. Marufuku ilidumu hadi 1990. Kwa hiyo wazee wengi mtakaokutana nao Albania walilelewa kuficha imani, na makelele ya wageni hayawafungui moyo.

Kinachowafungua ni kahawa. Mtu akikualika, kaa; kikombe kidogo kinaweza kuchukua saa nzima, na hapo ndipo mchungaji mwenyeji anapofanyia kazi yake. Halafu angalieni vichwa: huko wengi, hasa wazee, hutikisa kichwa kando kukubali, kwa hiyo msije mkadhani mmekataliwa!

Kosovo wengi ni Waislamu, na kuokoka kunaweza kumgombanisha mtu na ukoo wake. Picha za ubatizo msirushe mtandaoni kabla hamjamuuliza mwenyewe.

Na msijione waanzilishi. Gjerasim Qiriazi, Mwalbania, alihubiri Injili katika mji wa Korçë, Albania, tangu karne ya 19, na shule ya wasichana ikafunguliwa pale 1891. Waulizeni makanisa ya huko wanahitaji nini kabla hamjakata tiketi. Wakisema kambi ya watoto, basi ni hiyo.